Kikombe cha Benchi la Mlangoni

Jumapili, 5 Mei 2024

Leo Meza ya Bwana. Mara yangu ya nne tangu nibatizwe mwaka jana. Wiki nzima tumeshusha saruji, nikikohoa natoa kijivu. Lakini leo nimeoga vizuri, nimevaa shati la bluu, nimekaa benchi letu.

Benchi letu ni la mlangoni. Sisi makuli wa bohari za mpakani tunakaa hapo, watu saba. Hakuna anayetunyang'anya. Hata ukichelewa unakuta nafasi yako. Upepo wa Tunduma unapita mgongoni — baridi! — lakini benchi ni letu.

Na kikombe ni chetu. Wengine wote wanakwenda mbele, wanapiga magoti, wanakunywa kikombe cha fedha. Sisi tunaletewa hapa hapa, mwisho kabisa, kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa bluu. Tunaletewa! Kwetu Usukumani mtu mwenye chombo chake ni mtu mzito. Baba alikuwa na kibuyu chake cha maziwa, hata mama hakukitia mdomoni. Mgeni akitaka kujua nani mkubwa wa boma, alitazama kibuyu kiko mbele ya nani. Sasa mimi Makene, niliyeishia darasa la tano, niliyefika mji huu na ndala zisizolingana — nina chombo changu nyumbani kwa Mungu.

Asante Yesu. Bega la kulia linauma. La kushoto ni zima. Asante kwa hilo la kushoto.

Jumanne, 7 Mei

Nimempigia mke wangu, Kabula. Huko Kamsamba wanavuna mpunga, alikuwa shambani, nasikia watu wanapiga masuke nyuma yake. Anasema Mbuke ameota meno mawili, anang'ata kila kitu. Miezi minane! Mwanangu nimemwona mara mbili tu.

Tumekubaliana. Watakuja mwisho wa mwezi, mtoto abatizwe huku, Jumapili ya tarehe 2 Juni. Mchungaji Osea ameshaandika jina kwenye daftari lake. Kabula akauliza, ameandika kweli? Kwa peni au kwa penseli? Nikamwambia kwa peni. Akavuta kamasi. Nikajua analia.

Najua kwa nini. Shani wetu, yule wa kwanza, alikufa kwa homa ana miezi mitano. Alikuwa hajabatizwa. Kabula ni mkristo tangu utoto lakini mwinjilisti wa kule alisema kitabu hakimruhusu, baba wa mtoto ni mpagani. Hakuna kengele. Hakuna wimbo. Tulimzika asubuhi, mimi na shemeji yangu, haraka haraka, kama watu wanaoficha kitu. Tangu siku ile Kabula akiona kichanga cha mtu anauliza kwanza: kabatizwa?

Mimi nilibatizwa kwa sababu hiyo. Sijui kama ni sababu nzuri. Mungu aliipokea, na baadaye nikampenda kweli.

Nikamwambia Kabula na habari za kikombe chetu. Nilijisifu kidogo. Akasema, "Kumbe mume wangu mkubwa huko!" Tukacheka. Mtandao haukukatika hata mara moja. Asante.

Alhamisi, 9 Mei

Mahindi. Malori mawili, lumbesa tupu. Gunia limeshonewa kilemba juu, yaani gunia moja na nusu, na wewe unahesabiwa moja. Vidole vimekakamaa, maandishi mabaya. Nimekula wali maharage. Asante.

Jumamosi, 11 Mei

Mchungaji aliomba makuli wawili wakahamishe mabenchi, sakafu inapakwa nta. Nimekwenda mimi na Clever. Clever ni Mnamwanga wa hapa hapa, mama yake yuko ng'ambo ya mpaka, Nakonde, basi nusu ya maneno yake ni Kibemba. Anaongea kuliko anavyobeba.

Bibi Tulinagwe alikuwepo, anaosha vyombo vya Meza. Ndiye mtunza vyombo, miaka zaidi ya thelathini. Nikamwamkia. Nikamwomba leo kikombe chetu nikioshe mimi. Kwa heshima yake.

Akanitazama.

"Chenu kipo pale."

Pale — nyuma ya mlango wa stoo. Kwenye msumari. Chini yake ndoo ya kupigia deki, na dekio limeegemea ukutani, linakigusa. Kikombe cha fedha kiko kabatini, kimeviringishwa kitambaa cheupe, kwa kufuli. Chetu kwenye msumari.

Nikasema labda kimetundikwa kikauke. Bibi akasema hapana mwanangu, hapo ndipo mahali pake. Akakaa, akajifunga kanga vizuri, akanieleza. Sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ndugu yake.

Zamani mzungu wa misheni alibebewa mizigo na wapagazi. Masanduku, kinanda, mabati ya paa hili hili, vyote vichwani. Wale wapagazi wakaamini. Wakabatizwa. Wakataka Meza. Mke wa mzungu akaogopa midomo yao. Basi ikaandikwa kwenye Kitabu cha Taratibu: wapagazi wakae benchi la mlangoni, wapewe kikombe chao, baada ya watu wote. Mzungu akaondoka. Bendera ikabadilika. Kitabu kikatafsiriwa, kikapigwa chapa upya na picha ya kanisa juu. Ule mstari haukuguswa. Wapagazi wakaisha, tukaja sisi makuli, tukaingia kwenye nafasi yao.

Nikamuuliza, bibi, siku zote ulijua?

"Nilijua."

"Na unakiosha."

"Nakiosha mwisho. Na kitambaa chake mbali." Akatazama mikono yake. "Nilionyeshwa hivyo nikiwa mke mpya. Sikuuliza."

Clever alikuwa na benchi kichwani. Akaangua kicheko: "Mukwai!" — bwana, kwa Kibemba — "Msukuma, wewe ulidhani wamekupa uchifu? Kila mtoto wa hapa anajua!" Nikacheka naye. Masikio yanawaka moto. Nilimwambia mke wangu! Nilijisifu kwa simu!

Sijui nishukuru kwa lipi leo. Mabenchi yalikuwa mepesi. Haya.

Jumapili, 12 Mei

Ibada ya kawaida, hakuna Meza. Nimekaa mlangoni, nikawa natazama visogo vya watu. Karibu wote wa mbele mizigo yao naijua. Unga wa yule. Sukari ya yule. Vitenge vya yule mama. Jumatatu wanataka bega langu, Jumapili wanaogopa mdomo wangu.

Nikasali hivi: Bwana, kama hasira hii si yako, iondoe. Haikuondoka. Basi ni yake, au sikusali vizuri.

Kwaya iliimba vizuri sana. Hilo siwezi kukataa. Nililia kidogo.

Jumatano, 15 Mei

Kijiweni, tunasubiri lori lililokwama kwenye foleni ya mpaka. Nikawaambia wenzangu: Jumapili ni Pentekoste, kuna Meza. Mimi kile kikombe sinywi tena.

Kelele! Clever anauliza nitakunywa nini, soda? Mwingine anasema divai ni ile ile, inatoka chupa moja. Mwingine anasema Msukuma akipata dini anaishika kama ng'ombe, kwa pembe.

Shadrack hakucheka. Ndiye kiongozi wetu, Mnyiha wa Mbozi, mtu mzima, ana wajukuu. Anasema baba yake alichuma kahawa kwenye shamba la mzungu. Siku ya posho walipewa kupitia dirisha, hawaingii ofisini. Baba akawa anasema, kwani dirisha nalo si mlango mdogo? Shadrack akasema, "Nilimpenda baba. Lakini dirisha ni dirisha."

Yule wa divai akarudia, Yesu anataka unyenyekevu. Nikamjibu: Yesu alikunywa kikombe kimoja na wavuvi, na mtoza ushuru, na yule aliyemuuza. Hata Yuda hakupewa kikombe cha bati!

Mimi mwenyewe nikashangaa neno hilo limetoka wapi. Roho Mtakatifu, kama ni wewe, asante. Kama ni mdomo wangu tu, nisamehe.

Jumapili, 19 Mei — Pentekoste

Nimefanya.

Somo lilikuwa lile la Roho kushuka, kila mtu akasikia kwa lugha ya kwao. Mchungaji Osea alihubiri vizuri. Alisema Roho hakuchagua lugha moja akaiita safi. Nilimtazama nikisema moyoni: Mchungaji, wewe unasikia unachosema?

Ikafika Meza. Watu wakaenda safu kwa safu. Nilikuwa nimepanga kukaa tu na kufunga mdomo, kikombe kipite. Lakini safu ya mwisho ilipoinuka, miguu yangu ikainuka nayo. Viatu vyangu vinalia kwenye ile nta. Kwi, kwi, kwi, mpaka mbele. Nikapiga magoti mwisho wa mstari, karibu na mama wa vitenge. Akasogea. Alisogea kunipisha au kunikimbia, sijui. Nachagua kunipisha.

Mchungaji akaja na mkate. Akanipa! Mkono wake ulisita lakini akanipa. Kisha akaja na kikombe cha fedha. Nikainua uso. Hapo Mzee Yonasi, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mwalimu mstaafu, akaweka kiganja juu ya kikombe. Taratibu, bila hasira. Akaniinamia: "Mwanangu, rudi mahali pako. Utaletewa."

Sikurudi. Mchungaji akanitazama, akamtazama mzee, akanipita.

Nilikaa kwa magoti mpaka baraka. Nyuma nikasikia mzee mwingine anawapitishia wenzangu kikombe cha bati. Shadrack alifunika mdomo kwa mkono, kikapita. Wengine walikunywa. Clever alikunywa. Siwalaumu.

Mkate ulikuwa bado mdomoni. Niliuacha uyeyuke wenyewe. Asante kwa mkate.

Jumatatu, 20 Mei

Katibu wa kanisa amekuja mpaka bohari na barua. Nilikuwa na kiroba begani, nikaipokea kwa meno. Watu wakacheka.

Inasema nimevuruga Meza ya Bwana. Natengwa mpaka niombe radhi mbele ya usharika wote, na ninywe kikombe nilichopangiwa na Kitabu. Baraza la wazee litanisikiliza Jumamosi tarehe 1 Juni, saa tatu asubuhi. Chini kabisa mstari mmoja: mtoto wa aliyetengwa habatizwi.

Nimeusoma huo wa chini mara nyingi. Ni maneno manne tu.

Tarehe 1. Ubatizo ni tarehe 2.

Jumanne, 21 Mei

Nimebeba. Nimelala.

Jumatano, 22 Mei

Nimemwambia Kabula. Nilifikiri nifiche, nikaona nimeshamdanganya mara moja bila kujua, nisiongeze.

Nilimweleza msumari, ndoo, mzungu, Pentekoste, barua. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniita, "Baba Shani."

Tangu Mbuke azaliwe ananiita Baba Mbuke. Leo Baba Shani.

"Baba Shani, kunywa hicho kikombe."

Nikaanza kusema. Akanikata. Anasema hata kama ni kopo la mafuta ninywe. Hata kama ni kiganja. Anasema yeye alishasimama juu ya shimo bila wimbo, mimi nilishika jembe lakini yeye ndiye aliyembeba mtoto miezi tisa na mitano. Mimi napigania kikombe, yeye anataka jina la mtoto wake lisomwe. Akakata simu.

Ana haki. Ninaandika hapa ili nisisahau: ana haki.

Nilikaa nyuma ya bohari. Nikajaribu kusema maneno ya kuomba radhi, nione kama mdomo unaweza. Mdomo unaweza. Kitu kingine ndicho kilichokataa, kiko chini ya mdomo.

Ijumaa, 24 Mei

Mzee Yonasi ameniita kwake. Nilikwenda na nguo za kazi makusudi. Kisha nikaona aibu, nikajipangusa mlangoni.

Alinikaribisha sebuleni, kochini. Nikamwamkia, "Shikamoo Mwalimu." Akaitikia vizuri. Mke wake akaleta chai na viazi.

Hakunigombeza. Akasema anataka nijue jambo. Baba yake alikuwa mpagazi. Alibeba kinanda cha misheni, yeye na wenzake watatu, mlima kwa mlima, siku kumi na moja. Alikunywa kikombe kile cha bati mpaka anakufa. Alijivunia. Alisema kule nje hatupewi hata maji, humu ndani tunapewa damu ya Bwana. Kwa kubeba kwake mtoto wake akasoma, akawa mwalimu, akakaa benchi la mbele. "Ukikikataa kile kikombe," akasema, "unamkataa baba yangu." Macho yake yalijaa maji. Sikutegemea. Nilikuja kupigana na jabali, nikakuta mtoto wa mtu.

Nikamuuliza polepole: Mwalimu, siku wewe ulipokwenda kukaa mbele, baba alibaki mlangoni?

"Alibaki."

"Alitaka?"

Akakoroga chai. Sukari ilikwisha kuyeyuka zamani, bado anakoroga. Akasema, "Hakuulizwa."

Kisha akajikaza, akawa mwenyekiti tena. Kitabu ni kitabu. Kila mtu akivunja mstari mmoja tutabaki na jalada. Niombe radhi, mtoto abatizwe, mambo yaishe. Anasema anatuonea huruma, mimi na mke wangu. Naamini.

Vikombe vya chai vilikuwa vya seti moja, vyenye maua. Changu na chake. Nilipomaliza nikakiweka mezani karibu na chake, tukavitazama wote wawili muda kidogo. Viazi vilikuwa vitamu. Asante kwa mama wa nyumba ile.

Jumapili, 26 Mei

Aliyetengwa anaruhusiwa kusikiliza. Nimekwenda. Sikujua nikae wapi. Mbele ni ugomvi, mlangoni ni kukubali. Nikasimama ukutani ibada nzima, saa mbili na nusu.

Katikati ya mahubiri Shadrack akainuka mlangoni, akaja kusimama nami. Hakunitazama. Baada ya sadaka wakaja wengine wawili. Mgongo unatuuma wote, tumesimama kama magunia. Nusura nicheke kwa furaha.

Clever hakuinuka. Alitazama viatu vyake.

Mchungaji Osea alinifuata nje. Anasema atanitetea kadiri ya uwezo, lakini yeye ni mmoja na wazee ni tisa, na nyumba anayolala ni yao. Nilimshukuru kwa ule mkate. Akasema, "Usiniambie. Sijalala vizuri toka siku ile."

Jumatano, 29 Mei

Bibi Tulinagwe amekuja kijiweni! Na kikapu cha magimbi, na fimbo yake. Makuli wote wakasimama. Shikamoo bibi, shikamoo bibi, kama kwaya.

Akakaa kwenye viroba. Akasema Jumatatu alivitoa vikombe vyote viwili. Akaviosha kwenye beseni moja, maji mamoja. Akavifuta kwa kitambaa kimoja, kile cheupe. Akaviweka kabatini vyote, akafunga kufuli. Kisha akaenda kumwambia Mzee Yonasi mwenyewe: "Nimevichanganya, sasa sijui kipi kimegusa kipi. Kama ni uchafu, umeshahamia."

Tulicheka mpaka dereva mmoja wa Zambia akashuka kwenye lori kuuliza kuna nini. Clever akajaribu kumweleza kwa Kibemba. Akafika nusu, akaacha. Akasema kwa Kiswahili, kumbe hata kueleza ni aibu. Hakutania tena mchana kutwa.

Wanaweza kumnyang'anya bibi ufunguo. Anajua. Anasema magoti yake yenyewe yamechoka na ile stoo.

Mungu, umenipa watu. Nilikuja mji huu sina hata wa kunisaidia kushusha gunia. Asante. Asante. Asante.

Ijumaa, 31 Mei

Wamefika! Gari la Kamsamba liliharibika njiani, wakafika Mlowo jua kali, wakapanda jingine mpaka hapa. Mbuke amevaa sweta la njano kubwa kuliko yeye. Alinitazama, akanikataa, akalia. Baadaye nikampa kidole aking'ate. Meno ni manne sasa. Amekubali.

Kabula ameniamkia kwa adabu kama mgeni. Hakuniita jina lolote. Kwenye begi lake kuna kanzu nyeupe ya ubatizo, ameishona kwa mkono, kwenye pindo ametia nyuzi za bluu. Aliionyesha, akaikunja tena.

Alasiri akasema nimpeleke kanisani. Nikampeleka. Bibi Tulinagwe bado ana ufunguo. Kabula hakutaka kuona kikombe. Aliomba aone msumari.

Alisimama pale na mtoto mgongoni, anatazama ukuta na ndoo. Akaugusa msumari kwa kidole. Kisha akaenda kukaa benchi la mlangoni, akakaa tu, upepo unampiga. Nikakaa pembeni yake.

"Mtoto akibatizwa," akasema, "kesho kutwa hiyo hiyo atakaa benchi gani?"

Jibu analijua mwenyewe. Watoto wa makuli wanakaa na baba zao.

Kurudi nyumbani alinunua dagaa, akapika, akanitengea kwanza. Sijui ameamua nini. Hajasema ninywe. Hajasema nisinywe. Mimi bado sijajua nitasema nini kesho. Nikimwona Mbuke amelala na mdomo wazi nataka kwenda kwa magoti mpaka kwa Mzee Yonasi. Nikifumba macho naona ule mstari wa kitabu, na yeye ameketi chini yake.

Bwana, kwa mara ya kwanza mwaka huu tumekula watatu. Hata kesho ikiwaje, hili limeshakuwa.

Jumamosi, 1 Juni

Saa tatu na nusu. Nimekaa kwenye ngazi za ofisi ya usharika, daftari juu ya goti. Wazee wako ndani tangu saa mbili. Waliimba wimbo mmoja, wakasali, sasa nasikia sauti zinapanda. Ya Mchungaji Osea nyembamba. Ya Mzee Yonasi haisikiki kabisa. Hilo si kawaida yake.

Nilifikiri nitakuja peke yangu. Nilipotoka, Kabula alikuwa ameshambeba mtoto. Amemvika kanzu nyeupe. Nikamwambia, Mama Mbuke, ubatizo ni kesho, na hatujui kama upo. Akasema, "Wamwone alivyo."

Shadrack alikuwa njia panda na wale wawili wa ukutani. Kisha wale wawili waliobaki benchini siku ile. Leo kuna lori la unga, wameliacha nusu. Wamekuja na nguo za kazi, wamenyeshewa unga wa ngano toka kichwani, weupe kama mizimu. Mbuke akawatazama akacheka.

Bibi Tulinagwe yuko kwenye kigoda kivulini. Ufunguo wamemnyang'anya asubuhi hii. Anasema sasa mikono yake ni myepesi, haijui ishike nini, akamwomba Kabula mtoto.

Saa nne kasoro. Clever anakuja, anakimbia, ametoka jasho. Anasema alilala Nakonde, mpaka ulikuwa umejaa. Amekaa karibu yangu. Akasema chini chini, "Mimi nilikunywa, Makene." Nikamwambia najua. Akasema, "Nitasema hivyo mbele ya wazee." Nikamwambia si lazima. Akasema, "Si kwa ajili yako, mukwai."

Ndani wamenyamaza.

Kiti kimeburuzwa. Mtu anakuja.

Ni katibu. Amesimama mlangoni na Kitabu mkononi, kidole ndani ya ukurasa. Ananiita mimi. Makene peke yake, anasema, wengine wasubiri au waende kazini.

Kabula amesimama. Amemchukua mtoto kwa Bibi, amemweka begani. Bibi ameshika fimbo, anainuka, anakataa kusaidiwa. Shadrack amesimama. Wote wamesimama, unga unawadondoka kwenye ngazi.

Katibu anasema ndani viti havitoshi.

Shadrack anasema tutasimama, mwanangu, hiyo ndiyo kazi yetu.

Katibu ametazama nyuma, kama anayesubiri kuambiwa. Hakuna aliyemwambia kitu. Anaanza kurudisha mlango. Haujafungwa — Kabula ameshaweka mguu, na ananiita: Baba Mbuke, acha kuandika, tunaingia wote —